Asirudi Mtu Ndani: Namna ya Kuiandaa Familia na Nyaraka Zake kwa Ajili ya Dharura

Nyumba inapowaka moto, wapo watu ambao hutoka nje wakiwa wazima, wakawahesabu waliosimama uani, kisha wakakumbuka kitu na kurudi ndani. Anayerudi huwa amekumbuka pochi, simu au bahasha yenye hati ya nyumba, au amemkosa mtoto ambaye kumbe ametokea mlango wa nyuma na amesimama upande wa pili wa ukuta. Moshi humwangusha mtu kabla miali ya moto haijamfikia, kwa kuwa pumzi chache tu za hewa yenye sumu zinaweza kumpotezea fahamu. Kwa sababu hiyo, maelekezo yafuatayo yamepangwa kwa kipimo kimoja: kila linaloandaliwa limwondolee mtu sababu ya kurudi ndani, ya kukaa akisubiri, au ya kuhangaika akiuliza maswali wakati ambao hakuna wa kumjibu.

Kuzitambua dharura zenyewe

Familia haiwezi kujiandaa kwa kila janga kwa kiwango kilekile, wala haihitaji kufanya hivyo. Ni afadhali kuzigawa dharura kwa muda zinaoutoa. Zipo zisizotoa hata dakika tano, kama vile moto, tetemeko la ardhi, kuvuja kwa gesi, au tsunami kwa wakaao ufukweni. Zipo zinazotoa saa kadhaa au siku, kama vile mafuriko ya mto mkubwa, kimbunga, moto wa msituni na machafuko yanayosogea. Zipo pia ambazo hazimtoi mtu nyumbani bali humfungia ndani: umeme na maji kukatika kwa muda mrefu, mlipuko wa maradhi, au barabara kutopitika. Aina ya kwanza hudai mazoea ya mwili, ya pili hudai vitu viwe vimekwisha kupangwa, na ya tatu hudai akiba.

Kaeni pamoja jioni moja, watoto wakiwemo, muulizane ni zipi kati ya hizo zinazoweza kuwafika mahali mnapoishi. Wazee waliokaa hapo miaka mingi hukumbuka maji yalifika wapi mara ya mwisho, na mamlaka zinazoshughulikia maafa huwa na ramani za maeneo hatarishi. Vyanzo hivyo viwili vina manufaa kuliko habari za kutisha kutoka mbali. Andikeni majibu matatu au manne tu. Familia iliyojiandaa vizuri kwa majanga matatu itakuta imejiandaa kwa sehemu kubwa ya yaliyosalia, kwa kuwa begi na nyaraka ni zilezile.

Makubaliano kabla ya vifaa

Watu wengi huanza kwa kununua tochi. Mimi ningeanza kwa mazungumzo, kwa sababu dharura ina desturi ya kuikuta familia ikiwa imetawanyika: mmoja kazini, wawili shuleni, mmoja njiani, mwingine amelala. Jambo la kwanza la kukubaliana ni mahali pa kukutania, napo pawe pawili. Pa kwanza pawe nje ya nyumba, karibu lakini mbali na ukuta unaoweza kuanguka na njia ya magari ya zimamoto, panapotajika kwa neno moja, kama mti fulani au nguzo fulani ya taa. Pa pili pawe nje ya mtaa, ambapo hata mtoto anayeweza kutembea peke yake atapafika bila kuuliza, kwa ajili ya siku ambayo mtaa mzima umefungwa.

Jambo la pili ni mtu wa kupokea habari. Achaguliwe ndugu au rafiki anayeishi mji mwingine, ambaye kila mwanafamilia atamjulisha alipo. Janga linapotokea, simu za eneo husika huzidiwa na watu wote wanaopiga kwa wakati mmoja, na mara nyingine mawasiliano ya kwenda mbali hupatikana wakati ambapo yale ya mtaa kwa mtaa yamekwama. Ujumbe mfupi wa maandishi hutumia nafasi ndogo ya mtandao na unaweza kungoja hadi njia ipatikane. Kwa hiyo andika kabla ya kupiga. Ujumbe wenyewe uwe na mambo manne: wewe ni nani, uko wapi, hali yako ikoje na unaelekea wapi. Mtu huyo wa mbali aambiwe mapema kwamba ndiye aliyechaguliwa, akabidhiwe namba za wote, na akubali kuipokea kazi hiyo.

Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi. Tumezoea kumtafuta mtu kwa jina lake katika simu, na wengi wetu hatuzikumbuki hata namba za wenzi wetu. Simu ikizimika, ujamaa wote umezimika nayo. Kila mwanafamilia awe na kikaratasi kigumu chenye namba nne au tano, kundi lake la damu kama limethibitishwa, mzio alionao na dawa anazotumia. Mtoto afundishwe namba moja kwa moyo, kwa kuimba ikibidi, na majina kamili ya wazazi wake, kwa kuwa mtoto aliyepotea akisema kwamba anaitwa kipenzi cha mama yake hajamsaidia anayemwokoa. Shuleni, hakikisheni kwamba orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto ina angalau jina moja zaidi ya wazazi.

Jambo la tatu ni gumu kulikubali, nalo ni kwamba katika majanga yasiyotoa muda kila mmoja akimbie bila kumfuata mwenzake. Wakazi wa pwani ya Sanriku, kaskazini mashariki mwa Japani, ambako tsunami imepiga mara nyingi, wana neno kwa ajili ya kanuni hiyo: tendenko, yaani kila mtu kivyake. Kwa juujuu neno hilo lina ubinafsi, lakini lina maana tu pale ambapo familia imekwisha kukubaliana, kwa sababu mzazi hatarudi kumtafuta mtoto akiwa na yakini kwamba mtoto ameshakimbilia mlimani. Katika mji wa Kamaishi wanafunzi walikuwa wamefundishwa hivyo kwa miaka kadhaa, na tarehe 11 Machi 2011, tetemeko lilipotokea, walikimbilia miinuko, wakubwa wakiwashika mikono wadogo. Wanafunzi wa shule za msingi na za kati za mji huo walikuwa takriban 3,000, na karibu wote waliokoka.

Bila shaka kanuni hiyo haimhusu asiyeweza kukimbia. Kwa mtoto mchanga, mzee, mgonjwa au mtu mwenye ulemavu, patajwe kwa jina nani atamtoa, na nani atamtoa iwapo wa kwanza hayupo. Anayetegemea mashine inayotumia umeme, oksijeni, dawa inayokaa kwenye jokofu au usafishaji wa damu hospitalini, mpango wake uzungumzwe na wanaomtibu wakati wa amani, kwa maana yeye huenda akahitaji kuondoka siku moja kabla ya wengine. Wanyama wa nyumbani nao waamuliwe mapema, kwa kuwa watu hurudi ndani kwa ajili yao pia.

Nyaraka: anzia kwenye mzizi

Orodha za nyaraka za kuhifadhi huwa ndefu, na urefu huo humkatisha mtu tamaa kabla hajaanza. Njia iliyo rahisi zaidi ni kuishika kila hati mkononi na kujiuliza: hii ikipotea, nitatumia nini kuipata nyingine? Kadi ya benki hupatikana kwa kitambulisho. Kitambulisho hupatikana kwa cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa hupatikana kutoka kwenye daftari la usajili, mradi daftari lenyewe liwe zima na mwombaji awe na maelezo ya kuliongoza kwenye ukurasa wake. Ukiifuata njia hiyo utaona kwamba hati hazilingani uzito. Kuna zilizo mizizi na kuna zilizo matawi, na jitihada kubwa ielekezwe kwenye mizizi.

Daraja la kwanza, basi, ni hati zinazomthibitisha mtu kuwa yeye ndiye yeye: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti, hati ya uraia kwa aliyeupata baada ya kuzaliwa, na kibali cha ukaazi au hati ya ukimbizi kwa anayeishi ugenini. Kama katika familia yupo mtoto ambaye bado hajasajiliwa, hilo ndilo la kushughulikiwa kabla ya mengine yote. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, unataka mtoto asajiliwe mara tu baada ya kuzaliwa, na katika janga linalotenganisha familia karatasi hiyo huweza kuwa uthibitisho pekee wa nani ni mzazi wake.

Daraja la pili ni hati za uhusiano na mamlaka: cheti cha ndoa au cha talaka, amri ya mahakama kuhusu malezi au kuasili mtoto, cheti cha kifo cha mwenzi, wosia, na hati inayompa mtu mwingine uwezo wa kukuwakilisha kisheria. Hizi husahaulika, na zikikosekana mjane huzuiwa kuishughulikia akaunti, au mlezi hushindwa kumvusha mtoto mpakani. Daraja la tatu ni mali: hatimiliki au mkataba wa upangaji, kadi ya gari, sera ya bima, taarifa za benki na za mkopo. Daraja la nne ni afya, yaani kadi za chanjo, muhtasari wa matibabu na majina ya dawa pamoja na vipimo vyake. Vyeti vya elimu na vya taaluma havina haraka usiku wa janga, lakini miezi sita baadaye, unapotafuta kazi katika mji usiokujua, ndivyo utakavyovitamani. Viwekwe pamoja na vingine.

Usitegemee kwamba ofisi iliyotoa hati itakuwa na nakala yake daima. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika jengo la kumbukumbu za watumishi karibu na St. Louis, Marekani, ukateketeza kati ya faili milioni 16 na milioni 18 za wanajeshi wa zamani. Faili hizo hazikuwa zimenakiliwa popote, hata kwenye mikrofilamu, yaani filamu yenye picha ndogo sana za hati. Askari waliokuwa wamejiwekea karatasi zao za kuachishwa jeshi walizitumia kujenga upya kumbukumbu zao. Wengine iliwabidi kukusanya ushahidi kidogo kidogo kutoka katika vyanzo vingine.

Sura tatu za kila hati

Hati muhimu iwepo katika sura tatu: ya asili, nakala ya karatasi na nakala ya kidijitali, na sura hizo tatu zisilale chini ya paa moja.

Ya asili ikae nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika kwa zipu, na mfuko huo ndani ya mwingine, kisha ndani ya bahasha ngumu au jalada linalobebeka kwa mkono mmoja. Ondoa pini na vibanio vya chuma, kwani hupata kutu na kuacha madoa. Usiibandike plastiki ya moto juu ya cheti cha asili. Zipo ofisi zinazokataa cheti kilichofunikwa hivyo kwa sababu mhuri wa kukandamiza na alama za usalama haziwezi tena kukaguliwa, na plastiki hiyo haiondoki bila kuirarua karatasi. Risiti zinazochapwa kwa joto, kama zile za mashine za kadi, hufifia zenyewe hata pasipo janga. Zipige picha mapema.

Wenye uwezo hununua kasha la kuhimili moto. Ni jambo jema, lakini soma kilichoandikwa juu yake. Kasha la karatasi hupimwa ili joto la ndani lisivuke nyuzi 177 za Selsiasi kwa muda uliotajwa, kwa mfano dakika 30 au saa moja, kiasi ambacho karatasi hukivumilia. Diski za kompyuta na vifaa vingine vya kuhifadhia data huharibika kwa joto la chini zaidi ya hapo, hivyo kifaa kinaweza kufa ndani ya kasha ambalo limeviokoa vyeti. Tena, si kila kasha linalozuia moto huzuia maji, na moto wa nyumba huzimwa kwa maji mengi. Mifuko ile ya plastiki itumike hata ndani ya kasha. Kasha zito lililofungwa sakafuni halifai kwa hati unazopaswa kuondoka nazo. Lifanye makao ya hatimiliki na wosia, na vitambulisho viwe kwenye begi.

Nakala ya karatasi ipelekwe kwa yule ndugu wa mji mwingine, au kwa wakili, au kwenye sanduku la kukodi la benki. Kwa hati za daraja la kwanza na la pili, gharama ya kuzithibitisha nakala mbele ya mwanasheria hujilipa, kwa kuwa nakala iliyothibitishwa huweza kupokewa pale ambapo fotokopi ya kawaida haitazamwi. Wosia wa asili usifungiwe katika sanduku ambalo marehemu pekee ndiye aliyeruhusiwa kulifungua. Kosa hili hutokea kwa watu makini kabisa.

Nakala ya kidijitali ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayofanywa kwa uzembe kuliko zote. Hati ipigwe picha juu ya meza yenye mwanga wa dirisha, bila kivuli, kingo zote nne zionekane, na pande zote mbili zipigwe hata kama upande wa nyuma una mhuri tu. Kisha soma namba zake kwenye kioo. Namba isiyosomeka haina faida. Picha hizo zisiachwe katika albamu ya simu pamoja na picha za sherehe, ambako mwizi wa simu atazikuta. Zikusanywe katika faili lililofungwa kwa nywila, nakala moja iwekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni na nyingine kwenye flashi iliyosimbwa, yaani isiyosomeka bila nywila, ndani ya begi. Mtu mzima mwingine katika familia aijue nywila hiyo, au ajue mahali ilipoandikwa.

Hapa pana mtego ambao watu huugundua wamechelewa. Akaunti nyingi siku hizi hazifunguki kwa nywila peke yake bali hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Simu ikiungua, hifadhi ya mtandaoni uliyoitegemea itakuwa imekufungia mlango. Huduma nyingi huruhusu kuchapisha namba za akiba za kufungulia akaunti. Zichapishe, uziweke pamoja na hati.

Juu ya jalada lote iwekwe karatasi moja ya muhtasari. Kwa kila hati iandikwe aina yake, namba yake, ofisi iliyoitoa, tarehe ya kutolewa na ya kwisha muda wake, na mahali ya asili ilipo. Ukurasa huu mmoja ni sawa na nusu ya safari ya kuipata hati mpya, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa dirishani ni namba.

Mali nazo zina ushahidi wake. Tembea nyumba nzima ukirekodi video, fungua makabati na droo, taja kwa sauti kila kifaa chenye thamani na namba yake ya kiwandani. Kazi hii haizidi robo saa, na ndiyo itakayoongea kwa niaba yako mbele ya kampuni ya bima. Ukiwa na sera hiyo mkononi, isome sehemu ya majanga yasiyolipiwa; bima nyingi za nyumba haziyagusi mafuriko wala matetemeko ya ardhi mpaka mwenye nyumba ayaongeze kwa malipo ya ziada, na ni vyema kulijua hilo kabla ya mvua.

Neno moja kuhusu pasipoti: usiitangaze kuwa imepotea mpaka uwe na hakika. Ikishatangazwa hufutwa, na taarifa zake zinaweza kuingizwa katika hifadhidata ya Interpol, shirika la polisi la kimataifa, ya hati za safari zilizoibwa au kupotea, iliyoanzishwa mwaka 2002. Ukiiokota baadaye chini ya godoro lililolowa, haitakufaa tena. Anayejaribu kusafiri nayo huzuiwa mpakani.

Begi la kuondokea

Nyaraka zikishapangwa, begi ni kazi nyepesi. Liwe la mgongoni ili mikono ibaki huru, na uzito wake uwe ule ambao mwenye kulibeba anaweza kupanda nao ngazi bila kupumzika. Ndani yake pawe na jalada la hati, fedha taslimu za noti ndogo kwa kuwa mashine za kutolea pesa huzimika pamoja na umeme, tochi, redio ndogo ya betri, betri ya kuchajia simu pamoja na waya wake, filimbi, kisanduku cha huduma ya kwanza, miwani ya akiba, taulo za hedhi, nepi kama yupo mtoto, na nguo moja ya kubadili kwa kila mtu. Filimbi hudharauliwa, lakini aliyefukiwa na kifusi huishiwa sauti baada ya muda mfupi, ilhali kupuliza filimbi hakuhitaji nguvu nyingi. Dawa za kila siku ziwe za wiki moja au zaidi, katika vifungashio vyake vyenye maandishi, na zizungushwe ili zisipitwe na muda.

Maji ni habari nyingine, kwa sababu ni mazito. Makadirio yanayotumika sana ni lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupikia na usafi mdogo, na akiba ya chini ni ya siku tatu. Familia ya watu watano inahitaji basi lita 60, ambazo haziwezi kubebwa mgongoni. Hizo zikae nyumbani katika madumu safi yenye vifuniko, na begi libebe chupa chache pamoja na njia ya kusafisha maji mengine. Maji yakichemka kwa nguvu dakika moja hutosha kuua vijidudu vya maradhi, au dakika tatu mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Pasipo moto, tumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9: matone mawili kwa lita ya maji yaliyo meupe au manne kwa maji yenye uchafu yaliyochujwa kwa kitambaa, yakorogwe na kuachwa dakika 30. Aliyeharisha na kuishiwa maji, kama paketi za dawa hazipo, atengenezewe lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Chakula kiwe kisichohitaji kupikwa, na kifungulio cha makopo kisisahauliwe. Begi likae karibu na mlango mnaoutumia kila siku, si juu ya kabati. Kwa kuwa limebeba utambulisho wa familia nzima, lisiwe mahali ambapo kila mgeni atalifikia. Ndani ya kabati la viatu au nyuma ya mlango panatosha.

Mkitoka na mkibaki

Kila mtu mzima na kila kijana ajue swichi kuu ya umeme ilipo, valvu ya gesi na koki kuu ya maji, na awe amezigusa kwa mkono wake. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Fungua mlango, toka, kisha piga simu ukiwa mbali. Kwenye moshi tembeeni kwa kutambaa, kwa sababu hewa inayovutika hubaki chini, na funga milango nyuma yenu kwani mlango uliofungwa huchelewesha moto. Tetemeko likianza, usikimbilie nje vitu vikianguka: inama, jifunike chini ya meza imara, uishikilie mpaka mtikisiko uishe.

Kwenye mafuriko, kosa linaloua ni kuyapima maji kwa macho. Sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 huweza kuyafanya magari mengi madogo yaelee. Atakayebaki nyumbani bila umeme naye ana adui wake asiyeonekana: jenereta au jiko la mkaa likiwashwa ndani hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Jenereta iwekwe nje, angalau mita 6 kutoka dirishani. Jokofu lisilofunguliwa hutunza ubaridi kwa takriban saa nne, na friza iliyojaa kwa takriban saa 48. Vilivyobaki baada ya hapo vikaguliwe kwa uangalifu, na kisichoaminika kitupwe.

Nyaraka zikilowa

Hata baada ya tahadhari zote, karatasi zinaweza kukutwa ndani ya maji, na hapo haraka inataka utaratibu. Kuvu huanza kuota ndani ya saa 48 hivi. Usizitenganishe kwa nguvu kurasa zilizogandana, wala usizisugue zikiwa na tope. Zisuuze kwa maji safi ya baridi yanayotembea polepole, zikiwa zimelazwa juu ya kipande cha plastiki kinachozishikilia. Kisha zitandaze kivulini juu ya karatasi nyeupe za kufyonza, upepo wa feni ukipita juu yake bila kuzielekea moja kwa moja, na ubadilishe karatasi za chini kila zinapolowa. Jua kali na mashine ya kukaushia nywele huikunja karatasi na kuififisha wino. Picha zilazwe uso ukitazama juu, zisigusane.

Zikiwa nyingi kuliko mnavyoweza kuzikausha kwa siku mbili, zigandisheni. Zifungeni vifurushi vidogo vilivyotenganishwa kwa karatasi ya nta au plastiki, muziweke kwenye friza. Barafu husimamisha kuvu na kuwapa muda wa kumtafuta mtaalamu. Ndivyo walivyofanya hata waliookoa vitabu vya kumbukumbu za ardhi vya Aceh, Indonesia, vilivyozama katika tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004: viligandishwa kwanza, kisha vikakaushwa.

Zoezi la usiku

Mara mbili kwa mwaka, katika tarehe isiyosahaulika kwa urahisi, fungueni begi. Betri zijaribiwe, dawa na maji vibadilishwe, nguo za watoto zipimwe kwa kuwa watoto hukua na begi halikui, na tarehe za mwisho za pasipoti zisomwe, hasa za watoto ambazo katika nchi nyingi hudumu muda mfupi kuliko za watu wazima. Siku hiyohiyo piga upya picha za hati zilizobadilika, na mpigie simu yule ndugu wa mbali uone kama namba yake bado ni ileile.

Kisha fanyeni zoezi usiku, taa zikiwa zimezimwa, bila kuwatangazia watoto saa kamili. Mtu mmoja apige filimbi na kushika saa, wengine watoke hadi kwenye mti au nguzo mliyokubaliana. Aliyeshika saa aangalie jambo moja tu: nani aligeuka nyuma njiani, na aligeuka kwa ajili ya kitu gani. Huenda ni miwani, mdoli, funguo au simu iliyokuwa ikichajiwa chumbani. Kitu hicho, au pacha wake, kiingizwe kwenye begi kabla watu hawajarudi kulala.